Maria Montessori na Mtoto Atakaye Kufanya Mwenyewe

Katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili hutokea ushindani kila asubuhi. Mtoto ataka kuvaa shati mwenyewe, na kichwa chake chaingia mahali pa mkono. Ataka kushika kikombe mwenyewe, na uji wamwagika mkekani. Mama ana haraka, jua limekwisha panda, kazi zangoja. Basi achukua kikombe, amnywesha mtoto, amvika shati upesi, na mtoto aangua kilio. Twasema: mtoto huyu ni mkaidi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwanamke mmoja wa Italia, daktari kwa elimu yake, alikitazama kilio cha namna hiyo akakataa kukiita ukaidi. Yeye alikiona kuwa ni kilio cha mfanyakazi aliyenyang'anywa kazi yake. Jina lake Maria Montessori. Kwa kuwa jina hilo limeandikwa juu ya milango ya shule nyingi, hata katika miji yetu, na wengi walisomao hawajui lilikuwa la nani, yafaa tuyasimulie maisha yake.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona, upande wa mashariki wa Italia. Majuma matatu baadaye majeshi ya Mfalme wa Italia yaliingia Roma, na nchi iliyokuwa imegawanyika kwa karne nyingi ikawa moja. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya tumbaku na fedha. Mama yake, Renilde Stoppani, alikuwa mpenzi wa vitabu katika zama ambazo wanawake wengi wa Italia hawakujua kusoma. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee, na alipokuwa na umri wa miaka 5 jamaa hiyo ilihamia Roma.

Msichana huyu alipofika umri wa miaka 13 aliingia shule ya ufundi, mahali palipokuwa pa wavulana, akitaka kuwa mhandisi. Halafu akageuza nia, akataka udaktari, na baba yake hakufurahi. Katika chuo kikuu cha Roma alipata taabu ambazo wanafunzi wa leo hawawezi kuzifikiri. Ilionekana ni aibu mwanamke kuutazama mwili wa maiti pamoja na wanaume, kwa hiyo kazi ya kupasua maiti aliifanya peke yake, jioni, wenzake wakiisha kwenda zao. Mwezi wa Julai 1896 alipata shahada yake. Mara nyingi huandikwa kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari katika Italia. Si kweli, maana walikuwapo wachache kabla yake; lakini sifa yake haipungui kwa kuwa wa kwanza alikuwa mwingine. Mwaka huo huo alitumwa Berlin kwenye mkutano wa wanawake wa mataifa, akadai mwanamke alipwe mshahara sawa na mwanamume afanyaye kazi ile ile.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka katika nyumba za wendawazimu za Roma. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na wagonjwa wazima, hawana kitu cha kushika wala cha kutazama. Inasimuliwa kwamba mlinzi mmoja alilalamika mbele yake kuwa watoto hao ni walafi, kwa sababu baada ya chakula hujitupa chini kuokota makombo ya mkate. Daktari akatazama, akaona kwamba hawayali, wanayachezea. Katika chumba kile makombo yalikuwa kitu pekee ambacho mkono wa mtoto uliweza kukigusa na kukigeuzageuza. Tangu hapo akaanza kusadiki kwamba akili ya mtoto yapitia mikononi, na kwamba watoto hao walihitaji mwalimu zaidi ya dawa. Akasoma maandiko ya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na mwanafunzi wake Séguin, ambao karne ile ya 19 walikuwa wamejaribu kufundisha watoto wa namna hiyo kwa vifaa vya kugusa na kupanga. Mwaka 1900 shule ya kuwatayarisha walimu wa watoto hao ilifunguliwa Roma, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Baadhi ya wanafunzi wake wakafanya mtihani wa serikali pamoja na watoto wengine wote, wakafaulu. Watu walistaajabu na kumsifu. Yeye mwenyewe alistaajabu kwa jambo jingine: ni kitu gani kinachowazuia watoto wenye afya na akili timamu, hata wakalingana na hawa wa kwake?

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo waandishi wa zamani walilificha. Mkuu wa pili wa shule ile alikuwa daktari Giuseppe Montesano. Hao wawili walipendana, na tarehe 31 Machi 1898 Maria alizaa mtoto wa kiume, Mario. Hawakuoana, baadaye Montesano alimwoa mwanamke mwingine. Katika Italia ya siku zile mwanamke mwenye cheo aliyezaa nje ya ndoa angepoteza kazi yake, jina lake na heshima ya jamaa yake kwa siku moja. Basi mtoto akapelekwa shamba kunyonyeshwa na kulelewa na watu wengine. Mama yake alikwenda kumtazama mara kwa mara pasipo kumwambia yeye ni nani. Mario alikuja kuishi naye akiwa kijana wa miaka kama 15, baada ya kifo cha bibi yake Renilde mwishoni mwa 1912, na hata hapo kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba ni jamaa yake tu. Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Lakini asomaye vitabu vyake, akaona jinsi alivyomchungulia mtoto wa miaka miwili kwa uangalifu usiochoka, hukumbuka kwamba wa kwake mwenyewe hakupata kumwona akijifunza kutembea nyumbani mwake.

Mwaka 1901 aliiacha shule ile, akarudi chuoni kusoma falsafa na elimu ya malezi. Akangoja. Nafasi ilikuja kutoka mahali asipopatazamia.

San Lorenzo ni mtaa wa Roma ulio nje kidogo ya ukuta wa kale wa mji. Ulijengwa kwa pupa wakati Roma ilipofanywa mji mkuu wa nchi. Fedha za wajenzi zikaisha, majumba yakaachwa nusu, na maskini wakajazana humo katika giza na uchafu. Kampuni moja ya majumba, iliyoongozwa na mhandisi Edoardo Talamo, iliyanunua na kuyatengeneza, ikaweka humo jamaa za wafanyakazi. Wazazi walishinda kazini. Watoto wadogo, wasiofika umri wa shule, walibaki ngazini na uani wakikwaruza kuta na kuvunja vitu. Talamo akapiga hesabu, akaona kwamba ni nafuu kumlipa mtu awatunze watoto katika chumba kimoja kuliko kupaka chokaa kila mara. Akamwomba daktari Montessori aisimamie kazi hiyo. Tusidhani kwamba kila jambo jema huanza kwa nia tukufu. Hili lilianza kwa ajili ya chokaa.

Tarehe 6 Januari 1907, Sikukuu ya Epifania, chumba kilifunguliwa katika nyumba namba 58 ya njia iitwayo Via dei Marsi. Watoto walikuwa kama 50, wengi wao wa miaka mitatu hadi sita, waoga, wengine wakilia. Mwangalizi wao hakuwa mwalimu, na Montessori aliona hiyo ni faida, maana hakuwa na mazoea ya shule ya kumfunika macho. Mahali hapo pakaitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto; nyumba yao wenyewe, si ghala la kuwahifadhia.

Akaleta vifaa vile alivyovitumia kwa watoto wenye ulemavu, akakaa kutazama. Siku moja alimwona msichana wa miaka kama mitatu akitia vigingi vya mviringo, vyenye unene mbalimbali, katika matundu yake ubaoni. Alivitoa, akavichanganya, akavirudisha, akavitoa tena. Montessori akawaambia watoto wengine waimbe na kumzunguka. Msichana hakuinua macho. Akakinyanyua kiti pamoja na mtoto, akakiweka juu ya meza. Msichana akavikumbatia vigingi vyake, akaendelea. Alifanya hivyo zaidi ya mara 40, halafu akaacha mwenyewe, mwenye furaha na asiyechoka, kama mtu aamkaye katika usingizi mzuri. Hapo ndipo daktari alipoelewa kwamba wasemao kuwa mtoto mdogo hawezi kutuliza akili yake hawajampa kitu kinachostahili akili hiyo.

Siku nyingine mwangalizi alichelewa, naye alikuwa amesahau kufunga kabati. Alipofika aliwakuta watoto wamekwisha lifungua, kila mmoja amechagua kifaa chake na yuko kazini. Mwangalizi aliuona wizi. Montessori aliona watoto wanaojua wanachokitaka. Kabati refu likaondolewa, yakaletwa makabati mafupi ambayo mtoto aweza kuyafikia. Meza nzito zikaondolewa pia, zikatengenezwa meza na viti vyepesi vya kimo chao. Watu walimwonya kwamba watoto watavigonga na kuviangusha. Alijua hivyo, na ndivyo alivyotaka: kiti chepesi kikianguka chapiga kelele, na mtoto aambiwa kosa lake na kiti, asingoje kuambiwa na mtu. Hata vyombo vya chakula alitaka viwe vya udongo na vya kioo, vinavyovunjika. Mtoto aliyezoea sahani ya bati hajui mkono wake una nguvu kiasi gani.

Tena aliwahi kuwafundisha jinsi ya kupenga kamasi kwa leso, taratibu, pasipo kelele, kila kitendo mahali pake. Alipomaliza watoto walimpigia makofi. Alishangaa, kisha akaelewa. Tangu kuzaliwa watoto hao walikuwa wamekemewa kwa ajili ya pua zao, na hakuna hata mmoja aliyepata kuwafundisha.

Lakini kama mtu ataka kuyajua mafundisho yake yote kwa mfano mmoja, nampeleka kwenye karai la maji. Kisa hiki yeye mwenyewe alikiandika katika kitabu chake cha kwanza. Watoto walikuwa wamelizunguka karai lenye vitu vinavyoelea. Mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu, mfupi, alibaki nyuma pasipo kuona. Akajaribu kupenya, hakuweza. Akasimama, akatazama huku na huku. Uso wake ukawa na fikira nyingi. Akaona kiti kidogo. Uso ukang'aa, maana alikuwa amekwisha pata shauri: atakivuta kiti, atapanda juu yake, ataona. Akaanza kukiendea. Papo hapo mwalimu, kwa moyo mwema kabisa, akamnyakua, akamwinua juu ya vichwa vya wenzake ili aone. Mtoto akaona vitu vinavyoelea. Lakini nuru iliyokuwa usoni mwake ikazimika, pakabaki uso wa kitoto wa mtu aliyezoea kwamba wengine watamtendea. Kuona vitu vile hakukumfaa kitu. Kilichomfaa ni ile njia aliyokuwa ameivumbua, nayo ilikatwa.

Na mfano wa pili, wa bustani ya Pincio, Roma. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa akijaza changarawe katika ndoo yake kwa koleo dogo. Wakati wa kwenda nyumbani ulipofika, yaya alimsihi aache; mtoto hakusikia. Basi yaya, akidhani anampendeza, akaijaza ndoo kwa mikono yake, akamtia mtoto na ndoo katika kigari. Mtoto akalia kwa uchungu. Yaya alidhani kwamba mtoto ataka changarawe, kumbe mtoto ataka kujaza. Ndoo ikiisha kujaa angeimwaga, aanze tena, kwa sababu kazi aliyokuwa akiifanya hasa ilikuwa ni kujijenga mwenyewe.

Watu wengi wamemwelewa Montessori vibaya hapa, wapinzani wake na wafuasi wake pia. Hakusema mtoto aachwe afanye apendavyo. Mtoto anayempiga mwenzake, au anayeharibu kitu kwa ubaya, alizuiwa mara moja, pasipo mjadala. Wala hakusema mtu mzima akae bure. Kazi ya mtu mzima, kwa fundisho lake, ni ngumu kuliko kuvika shati: ni kupatengeneza mahali ili mtoto aweze kufanya mwenyewe, kumwonyesha mara moja polepole, kisha kurudi nyuma na kungoja. Ndiyo maana alitengeneza viunzi vya mti vyenye vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha kufungwa kwa vifungo, kingine kwa kamba, kingine kwa bizimu, ili vidole vijifunze kwa utulivu kabla ya haraka ya asubuhi. Ndiyo maana alitaka jagi dogo la kumiminia maji, beseni la kunawia la kimo cha mtoto, ufagio mfupi. Kitanda chenye kizimba alikilaumu. Alitaka mtoto alale chini, ili aamkapo aweze kuondoka mwenyewe. Na juu ya kutembea alifundisha kwamba mtoto wa miaka miwili aweza kwenda mwendo mrefu, kama mkubwa atakubali kufuata hatua zake na kusimama pale asimamapo kutazama mdudu. Tunambeba, si kwa kuwa yeye hawezi kutembea, bali kwa kuwa sisi hatuwezi kungoja.

Nani asiyeona kwamba jambo hili si geni kabisa kwetu? Msichana mdogo afuataye mama yake kisimani na kibuyu chake kidogo, anayemwaga nusu njiani na hakuna amkaripiaye, yuko katika shule ya namna hiyo. Montessori hakupata kumwona. Lakini mama wa mjini, mwenye nyumba iliyojaa vitu vya thamani na saa ya kwenda kazini, anao udhuru ambao mama wa kisimani hakuwa nao, na kwa ajili yake fundisho hili lina ukali.

Turudi San Lorenzo. Wazazi waliomba watoto wafundishwe kuandika. Montessori aliwakatia herufi za karatasi ya msasa, wakawa wakizipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Siku moja karibu na Krismasi ya 1907, wakiwa juu ya dari la nyumba penye jua, alimwambia mvulana mmoja achore bomba la moshi kwa chaki. Mvulana akachora, kisha kwa ghafula akapiga ukelele kwamba aweza kuandika, akaandika neno sakafuni, akaandika jingine. Wenzake wakaja mbio kuomba chaki, na baadhi yao wakaandika papo hapo, nao walikuwa na miaka minne au mitano. Habari zikatoka Italia, wageni wakaja.

Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya njia yake, na kwa miaka michache kikafasiriwa katika lugha nyingi. Mwishoni mwa 1913 alikwenda Marekani, akahutubia New York katika jumba la Carnegie Hall lililojaa hata wengine wakarudishwa mlangoni. Mwaka 1915 katika maonyesho makubwa ya San Francisco watoto walifundishwa ndani ya chumba chenye kuta za kioo, watu wakiwatazama kutoka nje. Halafu shauku ya Wamarekani ikapoa upesi kama ilivyopanda. Profesa mmoja mwenye sifa, Kilpatrick, alikuwa ameandika mwaka 1914 kwamba mafundisho yake yamepitwa na wakati kwa miaka 50. Yeye mwenyewe naye alichangia hasara hiyo, kwa sababu hakukubali mtu mwingine awafundishe walimu, wala kifaa kibadilishwe pasipo idhini yake. Mwanamke aliyewafundisha walimu wote kurudi nyuma na kuachilia hakuwa mwepesi wa kuachilia kazi yake mwenyewe. Tunamwelewa, alikuwa amekwisha acha kazi ya udaktari na uhadhiri, naye aliishi kwa mafunzo na vitabu hivyo. Lakini katika Marekani kazi hiyo ililala mpaka ilipoamshwa na wengine karibu na 1960.

Alikuwa Mkatoliki, na masista walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumpokea. Wamisionari Wafransisko wa Maria wa Via Giusti, Roma, walifungua shule ya njia yake kwa ajili ya watoto yatima wa tetemeko la nchi lililouangamiza mji wa Messina mwezi wa Desemba 1908. Mjini Barcelona, alikokaa kwa miaka 20 tangu 1916, kulijengwa kanisa dogo la watoto lenye viti vya kimo chao, na watoto walipanda ngano na mizabibu wenyewe ili mkate na divai ya Misa vitoke katika kazi ya mikono yao. Hata hivyo wako Wakatoliki waliomshuku. Mwaka 1929 Papa Pio XI alipotoa waraka wake juu ya malezi ya Kikristo ya vijana, akionya juu ya njia zinazompa mtoto uhuru usio na mpaka, wengine walisema kwamba aliyelengwa ni Montessori. Waraka haumtaji. Nasi twaona kwamba mtoto aliyejizoeza kumimina maji pasipo kumwaga, na kurudisha kila kitu mahali pake ili mwenzake akikute, hakufundishwa uhuru usio na mpaka.

Kwa upande mwingine, rafiki mmoja hakumletea heshima. Tangu 1924 Mussolini alimsaidia kwa fedha na shule. Dikteta alipendezwa na watoto wa miaka minne wasomao na wanaokaa kimya. Hakuelewa kimya kile kinatoka wapi. Montessori naye alikubali msaada huo kwa miaka kama 10, akidhani kwamba siasa haitaingia chumbani mwa watoto. Iliingia. Chama kilitaka walimu wake watii amri zake na watoto wavae sare zake, na mwaka 1934 wakaachana, shule zake katika Italia zikafungwa. Zile za Ujerumani zilikuwa zimekwisha fungwa na Wanazi. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Hispania pia, akaenda Uholanzi. Katika miaka hiyo alihutubia Geneva na Copenhagen juu ya amani, akifundisha kwamba mtu ambaye tangu utoto hakuachiwa kutenda jambo lake mwenyewe hutafuta bwana wa kumfuata. Alikuwa na haki ya kulisema hilo. Alikuwa amewaona mabwana hao kwa karibu.

Mwaka 1939, mwenye miaka 69, alikwenda Bara Hindi pamoja na Mario kufundisha walimu kwa miezi michache. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani, na Waingereza wakawahesabu hao wawili kuwa ni adui. Mario akatiwa kizuizini, mama akakatazwa kutoka katika makao yake Adyar, karibu na Madras. Tarehe 31 Agosti 1940, siku alipotimiza miaka 70, serikali ilimrudishia Mario kama zawadi, ikimtaja kuwa ni mwanawe. Jambo ambalo hakuthubutu kulisema hadharani kwa miaka 42, serikali ya adui ilimsemea. Alibaki Bara Hindi mpaka 1946, akafundisha walimu zaidi ya 1,000. Huko ndiko alikogeuza macho yake zaidi kwa watoto wachanga, kabla ya miaka mitatu, akafundisha kwamba umri huo hunyonya kila kitu kilicho mbele yake, lugha, mwendo, desturi, jinsi kitambaa kinywavyo maji. Kitabu chake juu ya hayo kilipigwa chapa Madras mwaka 1949.

Kuna jambo moja la leo lisilopendeza. Njia iliyozaliwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa San Lorenzo yauzwa ghali katika miji mingi ya dunia, na jina lenyewe katika nchi nyingi halina ulinzi wa sheria, hata mtu yeyote aweza kulipaka juu ya mlango wake. Mzazi anayetafuta shule asitazame ubao wa nje. Aingie, atazame kama makabati ni mafupi, na kama mwalimu amngoja mtoto afungaye kiatu. Katika Tanzania vyuo vya kuwafundisha walimu wa njia hiyo vimekuwako, kama kile cha Msimbazi, Dar es Salaam, na masista wamefanya kazi kubwa humo. Vifaa vingi vyaweza kuchongwa na seremala wa hapa hapa. Na misumari miwili ya chini ya kutundikia nguo, na kikombe kidogo, havihitaji ada.

Uholanzi ndiko alikorudi uzeeni. Mara tatu, mwaka 1949, 1950 na 1951, jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, asiipate. Italia ilimkumbuka baadaye kwa kuiweka sura yake juu ya noti ya lira 1,000 tangu 1990. Katika wosia wake alimtaja Mario waziwazi kuwa ni mwanawe, naye Mario aliiongoza kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1982.

Tarehe 6 Mei 1952 alikuwa Noordwijk aan Zee, kijiji cha pwani, katika bustani ya marafiki. Inasimuliwa kwamba mazungumzo yalikuwa juu ya Afrika: Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, ilihitaji walimu wa watoto wadogo, naye alitaka kwenda kuwafundisha. Alikuwa na miaka 81. Mario alimwambia kwamba afya yake haitaiweza safari hiyo, afadhali aende yeye peke yake, kisha amweleze yote atakaporudi. Mama hakupendezwa. Mario akatoka chumbani kwa muda, na kabla ya saa moja kupita mama yake alikuwa amekwisha fariki. Alizikwa pale pale Noordwijk, katika makaburi ya Wakatoliki.